Kaburi la Mgomba

Kule Kawetele, nyuma ya nyumba ya mjomba wangu, kuna kaburi ambalo ndani yake umelazwa mgomba. Wengine walishika majembe, lakini niliyelichimba ni mimi, kwa mdomo wangu.

Wakati ule nilikuwa nasoma matangazo ya vifo kwenye redio moja ndogo pale Tukuyu. Kwetu tangazo likishasomwa, wanaume wanabeba majembe na kwenda kuchimba, wanawake wanakata ndizi na kufunga kuni, na hakuna anayepiga simu kuuliza kama ni kweli. Kumuuliza mfiwa ni kumkosea adabu.

Asubuhi moja basi lilipinduka kwenye mteremko. Kabla ya saa nne orodha ya marehemu ilikuwa imeingia kwenye simu yangu, imepangwa kwa namba, ina mhuri. Jina la nne lilikuwa la mjomba, kaka yake mama. Nililia. Lakini ngoja niseme ukweli: huku nalia nilikuwa na haraka, maana nilitaka redio yetu iwe ya kwanza.

Mlangoni alikaa bibi mmoja aliyeleta tangazo la ndama wake aliyepotea. Alinisikia nikilitaja lile jina.

"Mwanangu, huyo nimemwona leo Mpuguso, sokoni. Ameshika kuku. Tumesalimiana."

"Bibi, labda umemfananisha."

"Nimfananishe? Namjua tangu hajaoa!"

Nikamwambia asubiri zamu yake. Miguu yake ilikuwa na tope, Kiswahili chake kilijaa Kinyakyusa, na orodha yangu ilikuwa na mhuri. Nikaenda kusoma. Watu waliniambia baadaye kwamba sauti yangu ilitetemeka vizuri sana.

Mke wa mjomba alisikia akiwa anamenya ndizi. Habari ile aliipata kwangu, kwa sauti ya mtoto ambaye yeye alikuwa akimpikia kila likizo. Nilipofika Kawetele mchana, alikuwa amekaa chini, kitambaa cha ujane kiunoni, sauti imemkauka. Migombani kaburi lilikuwa limeshamfika mchimbaji kifuani.

Saa kumi mjomba akatokea kwenye njia ya migombani, kuku kwapani, simu imeisha chaji. Aliona umati, akavua kofia.

"Poleni jamani," alisema. "Nani ametutoka?"

Mkewe alimtazama, akafunika uso.

Mjomba alikuwa amekata tiketi ya lile basi, akaahirisha safari. Orodha ilikuwa ya waliokata tiketi, na mhuri ulikuwa wa ofisi ya tiketi, ningeusoma ningeona. Neno "marehemu" aliliongeza mtu ambaye hadi leo simjui.

Kaburi lililofunguliwa haliachwi tupu. Wazee waling'oa mgomba na kisiki chake, wakauvisha shuka, wakauzika mvua ikinyesha. Mjomba alitupia udongo kama wengine. Hakunigombeza, na ningeshukuru sana kama angenigombeza.

Tangu siku hiyo, kila tukionana alinitania: "Mpwa wangu, leo umeua nani?" Nilicheka, maana ndivyo mjomba anavyopaswa kutania. Mkewe hakucheka hata mara moja, wala hakuiwasha tena ile redio. Na mgomba ukachipua. Najua migomba huchipua, msinifundishe. Ulizaa mkungu mkubwa, na kwenye ile nyumba ya walaji wa ndizi hakuna aliyethubutu kuukata. Uliozea pale pale. Yule bibi wa ndama nilimtafuta sokoni Mpuguso mara nyingi nimwombe radhi. Sijawahi kumwona tena.

Mwaka jana mjomba alifariki kweli, hospitalini Makandana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Simu ya mkewe haikupokelewa. Nilikwenda redioni kusoma tangazo mwenyewe, polepole, kisha nikapanda Kawetele nikitegemea kukuta msiba.

Uani hakukuwa na mtu. Hakukuwa na jembe, wala kuni, wala kilio. Majirani walikuwa wamesimama mbali, kwenye migomba yao, wakiniangalia. Mkewe alikuwa anamenya ndizi za jioni, na kwenye beseni zilikuwa za watu wawili.

"Wamepita hapa wakasema umesema redioni," aliniambia bila kuinua kichwa. "Nani mwingine amemwona?"

Nilimwambia hakuna, ni mimi tu. Akachukua ndizi nyingine, akaendelea kumenya.