Chombo cha Milano Kilichokataa Kurudi Kitupu

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: jirani akikurudishia chombo cha maua kimejaa karanga, wewe unampelekea nini?

Wenzangu waliosoma Ulaya miaka ile ya themanini walirudi na redio za kaseti na cherehani. Mimi nilikwenda Milano kwa kozi ya usanifu, nikarudi na vyombo vitano vya maua. Vilikuwa vya rezini, kitu kama utomvu kinachomiminwa kwenye kalibu kikiwa uji, kikaganda bila kukauka sawasawa. Ukikibonyeza kinabonyea. Mafundi wa kule walikuwa wamechoshwa na vitu vilivyonyooka, kwa hiyo kimoja kilikuwa na miguu mitatu isiyolingana, na kingine kilijikunja kama utumbo wa mbuzi. Nilivinunua kimoja kimoja karakanani, vile vilivyokataliwa kwa sababu ya mapovu, huku nikiruka chakula cha mchana. Mama yangu alipofungua sanduku aliviweka pembeni, akapapasa chini, akitumaini zawadi zenyewe ziko huko.

Nilipangiwa kufundisha sekondari karibu na Masumbwe. Nikavipanga dirishani. Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye wote walimwita Mama Mapacha kwa ajili ya mabinti zake wawili, aliviona akiwa shambani kwake akaniuliza ni nini. Niliona maneno hayatatosha. Nikambebea kile chekundu, kipenzi changu, nikamkuta anasonga ugali.

"Asante, mwalimu, weka hapo," alisema bila kugeuka.

Nikakiweka. Kwa kuogopa kumsumbua nikaondoka.

Kesho yake alikileta mwenyewe, kimejaa karanga hadi mdomoni.

Kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu nilijua tangu utotoni. Nisilolijua ni kama sheria hiyo inahusu chombo kilichokwenda kitupu. Je, alidhani nimekwenda kuomba? Nisipopeleka kitu, mimi ni mchoyo. Nikipeleka kwenye sahani, si nitakuwa nimemwambia kwamba chombo changu hakistahili chakula chake? Nililipima jambo hilo hadi kichwa kikauma, kisha nikatia sukari, ambayo siku hizo ilikuwa adimu kuliko dhahabu ya Rwamgasa, ndani ya chombo kilekile.

Akakirudisha na michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Nikapeleka sabuni. Akaleta dagaa. Dagaa! Rezini hunywa harufu kama pamba. Kila kilipofika kwangu nilikimimina na kukiosha, na kabla hakijakauka nilikuwa naanza kufikiria nitie nini. Dirishani vilibaki vinne na pengo. Mwalimu mwenzangu aliniuliza kama naposa, na kama naposa, ni pacha yupi.

Mawingu ya masika yalipoanza kukusanyika, kikaja tena na karanga. Mimi sikuwa na kitu chochote ndani isipokuwa chaki. Nikakibeba kama kilivyo, karanga zikiwa ndani, nikaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta nini tena, ng'wanone?" Aliniita mwanangu kwa Kisukuma, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Mama, hiki si chombo cha chakula. Ni pambo. Nilikuja kukuonyesha tu."

"Kunionyesha?"

"Ndiyo."

"Tangu ile siku ya kwanza?"

"Tangu ile siku ya kwanza."

Akaketi juu ya kinu. "Pambo gani lenye mdomo mkubwa hivi? Mimi nikasema huyu mwalimu ana njaa na haya hana, anatanguliza chombo! Ukaniletea sukari. Nikasema kumbe kwao ni mashindano." Akacheka mpaka kanga ikamdondoka, kisha kicheko kikakatika. "Hizo ulizobeba ni za mbegu, mwalimu. Nyingine zimekwisha. Mvua ikinyesha ningepanda nini, mapambo?"

Nikakikumbatia chombo kwa mikono miwili.

"Una vingapi hivi?"

"Vitano."

"Mtu mmoja, vyombo vitano, na hupikii hata kimoja. Mama yako anajua?"

"Anajua."

"Maskini mama wa watu."

Hata hapo, nikiwa nimesimama mbele yake, nilianza tena: kumrudishia mtu zawadi yake mwenyewe, je, si tusi? Au nichukue nusu? Au niseme nitazipanda mimi, halafu mavuno tugawane? Nikamtazama. Alikuwa anaziangalia zile karanga, wala si mimi.

Nikauvuta ungo wake, nikazimimina zote, nikakung'uta na kitako ili isibaki hata moja.

"Naondoka nacho kitupu, mama."

"Nenda nacho kitupu," alisema, akaufunika ungo kwa mkono wake.

Nikakipindua mdomo chini, ili kila aliyekuwa barabarani aone, nikarudi nyumbani mchana kweupe.