Niliwatoa Watu Kwenye Matete

Siku hizi nikienda soko la Matiliku nazunguka na njia ya juu, ile ya mawe, nusu saa zaidi na jua la utosini, kwa sababu njia fupi inapita mbele ya geti la Susu Ndulu na mimi sina macho ya kumtazama. Najua nyinyi mmeshasikia kile kipande cha kuchekesha, kile cha gunia, maana hata nikiingia kwa kinyozi lazima kuna mtu atakohoa ile kohoa ya kuficha kicheko. Chekeni tu, ni haki yenu. Lakini hamjasikia yote, na aibu yenyewe iko kwa hayo mengine, basi leo nayasema, na nikinyamaza katikati msinisukume.

Sisi ni kikundi cha watu saba, tuna boti moja ya mbao ya watu watatu (wanne kama mmoja ni mwembamba), tunavua ngege na kambale kwenye bwawa lililo chini ya kijiji chetu. Ukame ulipokaza, samaki wakatuhama, unatupa wavu asubuhi unatoa majani, unatupa tena unatoa kiatu, mpaka mimi na huu mdomo wangu nikasimama kwa mkutano nikasema siku hizi kuna kimashine kinakuonyesha samaki walipo, wavuvi wa maziwa makubwa wanacho, sisi tunangoja nini. Wakanituma mimi nikanunue, ile tunayoweza kulipia, basi.

Nikashuka mpaka mjini Salama kwa Abdi, ambaye anauza simu na vitu vya sola pale karibu na barabara kuu. Alikuwa na mashine mbili. Moja ilikuwa kubwa, ina kioo chake, ya kufungwa kwa boti, na inataka betri kama ya gari. Hiyo niliigusa tu nikairudisha. Nyingine ilikuwa kampira kadogo, ukubwa wa yai la bata, unakafunga kwa kamba unakatupa majini, kanatuma picha kwa simu yako. Hako ndiko kalikuwa ketu. Na Abdi ni mtu mwaminifu, hilo nataka mlisikie vizuri, hakuniuzia maneno. Alinivutia stuli akasema, "Ndugu yangu, hii ni ya maji wazi. Maji ya magoti ama ya kiuno haioni. Kwenye majani haioni, itakuambia hakuna kitu. Na usiamini sana hizo picha za samaki, hata gogo yenyewe inaita samaki."

Nikasema sawa, nimeelewa, na kweli nilielewa. Lakini nikiwa njiani kurudi nikaamua hayo sitawaambia wenzangu. Hebu fikirieni, umetumwa na wanaume sita, unawarudia na yai mkononi, halafu uanze kueleza vile yai lenyewe halioni hapa wala pale. Wangenicheka mpaka Krismasi. Kwa hivyo nilipofika nikawaambia, "Hii inaona kila kitu, mpaka ndani ya tope."

Na bahati mbaya siku ya kwanza ikafanya kazi. Tulitupa katikati ya bwawa, kwenye kina, simu ikajaa visamaki, tukashusha wavu ukaja mzito. Kuanzia hapo nikawa Injinia. Mchungaji akanitaja kanisani kama mfano wa kijana anayetumia akili aliyopewa (kijana, mimi, na hiki kipara), na nikaanza kutembea polepole kama mtu anayengoja kusalimiwa.

Halafu ikaja ile Alhamisi. Mwanzia, mtoto wa mwisho wa Susu Ndulu, yule aliyebaki nyumbani kumtunza, alishuka bwawani asubuhi kukatia ng'ombe matete, kwa sababu nyasi kwingine zilikuwa zimeisha. Hakurudi. Wakakuta panga lake ukingoni na mzigo nusu, na patipati yake moja, ndala ya mpira, ikielea mbali, katikati ya maji. Susu tunamwita hivyo wote, ni bibi wa kijiji kizima, amewashika watoto wengi wa hapa wakizaliwa, na mimi ni mmoja wao.

Kwetu jambo kama hilo halingoji mtu aitwe. Mwethya, ule ushirika wetu wa kusaidiana kazi, unajikusanya wenyewe, boma kwa boma, kama vile watu wanavyojikusanya kuchimba matuta. Na kuna namna ya kumtafuta mtu aliyechukuliwa na maji: wanaume wanashikana mikono, mstari mmoja, wanaingia taratibu wakikanyaga tope kwa miguu mitupu, hatua moja, wanasimama, wanapapasa, hatua nyingine. Aliyewaongoza ni Mzee Kioko, ambaye amefanya kazi hiyo tangu bwawa likiwa jipya. Nilipofika walikuwa wameshaingia ndani ya matete, maji yamewafika kiunoni.

Susu alikuwa ameketi ukingoni na shuka jeupe mapajani, jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Akaniona. "Musyoka, mwanangu," akasema, "nimesikia mashine yako inaona mpaka kwa tope. Nisaidie. Nataka nimwone uso kabla maji hayajamharibu. Hilo tu."

Nikatupa yai mbele ya mstari. Nikaangalia simu. Tambarare, hakuna kitu. Na nilimkumbuka Abdi, wallahi ningeapa kama ningekuwa wa dini yake, nilimkumbuka neno kwa neno, majani na maji ya kiuno. Nikainua kichwa nikakuta kijiji kizima kinanitazama mimi.

"Injinia, inasemaje?" akauliza Mzee Kioko.

"Hapa hakuna kitu."

"Una hakika?"

"Mzee, hii haidanganyi."

Wakaachana mikono, mmoja mmoja, wakatoka majini wakitetemeka. Mimi nikaingia kwa boti na wenzangu wawili, tukafuata pale patipati ilipoonekana. (Upepo ndio ulikuwa umeipeleka huko, mtoto wa darasa la pili angekuambia.) Tukazunguka, tukazunguka, jua likipanda, na mara simu ikaonyesha kitu kirefu, kimelala chini, kimetulia. Moyo ukanipasuka kwa huzuni na, Mungu anisamehe, kwa furaha. Nikasimama kwa boti nikainua mkono nikapaza sauti, "Tumempata."

Huko ukingoni wanawake wakaanza kulia. Mchungaji akavua kofia akaanza kuomba. Susu akainuka peke yake, akakunjua lile shuka, akashika ncha mbili na kuingia majini mpaka vifundoni, akingoja. Sisi tukashusha ndoano kubwa, ikashika, tukavuta, kitu kizito, tukavutia mpaka maji ya magoti karibu na ukingo ili watu wote waone na waje kusaidia kubeba. Kikatoka gunia la mbolea lililojaa mawe, limefungwa kwa kamba ya buluu.

Ilikuwa nanga yetu. Mwaka uliopita ilipotea nikaapa mbele ya kikundi kwamba imeibwa na watu wa ng'ambo ya bwawa, na fundo lile nililifunga mimi mwenyewe. Mtu mmoja akacheka, simlaumu, ni kile kicheko kinachomtoka mtu akiwa amelia sana, na wengine wakaambukizwa, hata mmoja wa wenzangu kwa boti. Kisha wote wakageuka ukingoni. Susu alikuwa bado ameshika ncha mbili za shuka.

Mngefikiri baada ya hapo hakuna wa kuniamini tena. Kumbe wapi. Kesho yake Mzee Kioko alitaka kuwarudisha watu kwenye matete, wakamwambia huko kumeshaangaliwa, mashine ikikosea inakosea kwa kuona kitu kisichokuwepo, lakini ikisema hakuna basi hakuna. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Ningesema neno moja tu, lile la Abdi. Nikakaa kimya, kwa sababu ya gunia nilikuwa nimeshachekwa vya kutosha, na watu wakashinda siku nzima wakikokota ndoano katikati ya bwawa.

Siku ya tatu Mwanzia akaibuka mwenyewe. Ndani ya matete. Bwawa lile lina kambale, nanyi mnajua kambale wanakula nini, sitaeleza. Wanaume walimfunga kwenye lile shuka wakapiga fundo upande wa kichwani, na wanawake wanne wakamshika Susu asifike. Alizikwa jeneza likiwa limefungwa.

Baada ya mazishi Susu akaniita nyuma ya jikoni, akaniuliza bila hasira, "Musyoka, ile siku ya kwanza, wale watu kwenye maji walikuwa wamebakisha hatua ngapi?"

"Nyingi, Susu," nikamwambia. "Hawangefika."

Akatikisa kichwa polepole, akanishukuru kwa kujaribu, akanipa chai.

Sasa yai liko nyumbani ndani ya mkebe, limeisha moto na silichaji. Wenzangu nimeshawaambia yote aliyosema Abdi, wakanitoa kwenye kikundi, na walifanya vizuri. Nimejiapiza kwamba nikiulizwa kitu nisichokijua nitasema sijui, hata kama kanisa lote limenigeukia. Lakini wiki ile baada ya mazishi nilishuka bwawani peke yangu, nikavua viatu, nikasimama pale mstari ulipoachana mikono, nikaanza kukanyaga tope kama wanavyofanya, hatua, nasimama, hatua, mpaka pale matete yalipovunjika walipomtoa Mwanzia. Ni hatua kumi na moja. Hilo bado sijamwambia Susu.