Beringi za Injini Iliyouzwa

Mdomo wangu huu, jamani, sijui niliurithi kwa nani.

Mashine ya kusaga aliyoniachia baba hapa Tabata iliendeshwa na injini ya dizeli ya zamani, ya zile ambazo beringi zake huzipati dukani mpaka zimiminwe. Fundi wake alikuwa mzee mmoja wa Masasi, rafiki wa baba, nami nilimwita baba mkubwa. Anayeyusha madini meupe laini, bati na risasi, kwenye kikaango cha chuma juu ya mkaa, halafu anachovya kijiti kikavu. Kikiwaka, anasubiri yapoe kidogo. Kikigeuka rangi tu, anamimina kwenye maganda ya beringi. Kisha anakwangua kidogo kidogo mpaka shafti ilale humo vizuri. Aliniambiaga kwamba kilaini ndicho kinachotakiwa kuliwa ili kigumu kipone, maana shafti ikiharibika injini ndiyo basi tena.

Mwaka jana injini ikaanza kugonga. Akaifungua, akaenda na maganda kwa binti yake Goba, anakoishi, akayamimine upya. Kabla hajaanza, presha ikamwangusha. Nilipokwenda kumwona hospitali, mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi na chakula alikuwa hataki hata kukiona. Huruma ikanishika.

"Baba mkubwa, wewe pona tu," nikamwambia. "Injini haiguswi na fundi mwingine. Inakusubiri."

Ilisubiri wapi! Wateja walihamia mtaa wa pili, mie nikabaki barazani kufukuza nzi. Nikafunga mota ya umeme, injini nikawauzia watu wa vyuma chakavu, wakaikatakata palepale uani. Nilijiambia nitamweleza akipata nafuu. Alipopata nafuu, nikajiambia ngoja kwanza apate nguvu.

Mwezi uliopita akaja kwa bajaji, binti yake kamshika kiwiko. Nikamwamkia, nikamkalisha barazani. Kifurushi cha kanga alichokipakata akakifungua taratibu: maganda yote, yamemiminwa, yanang'aa, yamebaki kukwanguliwa tu yakae kwenye shafti. Binti akanieleza kwamba kazi yote mzee kaifanya mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na kila alipokosea aliyeyusha akaanza upya.

Mzee akatega sikio ndani, mota inavuma.

"Injini yangu iko wapi?"

Ukweli ulikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nikautazama ule mkono wake uliolala mapajani.

"Imepelekwa kuchongwa shafti," nikasema.

Akafurahi. Akasema nimefanya la maana, kwa sababu shafti yenye mikwaruzo ingemharibia kazi, na kwamba ikirudi nimwite, asije mtu mwingine akaigusa. Maganda akaniachia niyatunze. Walipoondoka nilikaa pale pale, wateja wananiita, siwasikii.

Jioni binti yake akapiga simu. Nikajua nimeumbuka, na nasema kweli, nilishukuru. Nikavuta pumzi nikiri yote.

Kumbe anacheka. Baba yake kala ugali wote, kaomba aongezwe, jambo ambalo hajalifanya tangu augue. Kaagiza na ovaroli yake ifuliwe.

"Dada," akaniuliza, "hiyo injini inarudi lini?"

"Wiki ijayo," nikasema.