Nyasi Nzuri Zisizo na Mwenyewe

Miaka ya hamsini baba alichunga ng'ombe kwenye shamba la mzungu karibu na Naivasha, na kila jioni nilimsomea kitabu changu cha shule. Siku moja nilisoma jinsi Waamerika walivyomkataa mfalme wao, kisha wakaelekea magharibi kwa mikokoteni ya ng'ombe, wakakuta nchi tupu yenye nyasi nzuri.

"Nyasi nzuri, na hazina mwenyewe?" Baba alicheka. "Mtu wa ng'ombe huanza kwa kutafuta majivu ya boma, ajue nani alilisha hapo kabla yake. Hao waliyatafuta?"

Nilipekua ukurasa mzima. Kitabu kilinyamaza, nami nikakasirika. Kesho yake nilimuuliza mwalimu, nikitegemea kiboko. Alifunga mlango kwanza, ndipo akatusimulia habari za wenyeji waliofukuzwa kule. Namshukuru mpaka leo. Lakini aliyenifundisha kusoma ni baba, ambaye hakujua hata herufi moja.