Siku Niliposoma Jina Lililofutwa

Harufu ya karatasi iliyokaa sana sandukuni, ile yenye ukungu na nafthalini, hunifukuza chumbani mpaka leo. Msinicheke. Mwenzenu niliwahi kujikojolea mbele ya mtaa wetu mzima wa Kamalondo kwa sababu ya kitabu.

Papa, baba yangu, alikuwa mwanajeshi mstaafu, goti moja halikunjiki kwa risasi. Mwaka ule aligombea ubunge. Chama kilikuwa kimoja, lakini wagombea wake waliruhusiwa kushindana wao kwa wao, na papa alikuwa na neno moja tu: Serikali isomeshe watoto wote, wa wakubwa na wa wauza makala, yaani mkaa. Mama alimwonya kwamba mdomo uliponza kichwa. Papa alicheka tu.

Jumapili moja baada ya misa akakusanya watu uwanjani mwa shule yetu. Ili waone mtoto wa watu wadogo anaweza nini, akanipandisha juu ya benchi na kunipa kitabu cha jiografia alichokitoa nyumbani, sandukuni. Sasa sikilizeni. Mkoa wetu ulikuwa umebadilishwa jina, ukaitwa Shaba; lile la zamani lilikuwa marufuku, na watu walikamatwa kwa kulitamka. Vitabu vya shule tulivikwangua wenyewe kwa wembe. Cha papa hakuna aliyekigusa.

Nikasoma kama kilivyoandikwa, kwa sauti: Katanga.

Mama mmoja akajiziba mdomo kwa kitenge. Nikasikia joto likinishuka mapajani. Mtu wa chama aliyeketi mbele, abakosi yake, ile suti ya serikali isiyo na tai, imepigwa pasi vizuri, akainuka polepole. Akaongea kwa upole, akimwita papa kwa jina tulilolazimishwa kuitana sote, “raia” kwa Kifaransa.

“Sitwayeni, mutoto alisoma mubaya. Njo vile?”

Nilikuwa na miaka tisa, lakini nilielewa kwamba papa anafunguliwa mlango wa kutokea. Nikaomba moyoni aseme ndiyo. Akaniangalia kwanza.

“Hapana. Mutoto alisoma muzuri.”

Kesho yake walikuja kumchukua. Siku sita mama hakuwasha mbabula, jiko letu la mkaa, majirani wakawa wanapita ng’ambo ya barabara, nami nikaapa sitasoma tena maisha yangu. Alirudi amekonda, jina lake limeondolewa kwenye orodha ya wagombea. Mama alimgombeza wee: neno moja tu, ndiyo, lilimshinda kulisema!

Nilimkasirikia miaka mingi. Nilimwona mkaidi aliyetuponza bure. Mpaka siku niliposimama darasani, mwalimu mimi, mkaguzi amekaa nyuma, na mtoto mmoja akasoma sawasawa jambo lisilompendeza yule mkaguzi. Macho yote yakanigeukia. Niliogopa, siwafichi, lakini nikasema mtoto amesoma vizuri. Ndipo nilipojua papa alikataa nini. Angesema nimekosea, angepata kiti chake, na mimi ningekua nikiamini kwamba sijui kusoma.