Risiti ya Ng'ombe

Iko siku moja ya ujana wangu ambayo hainitoki kichwani, mjukuu wangu, na mpaka kesho nikiikumbuka nacheka peke yangu, watu wakadhani uzee umenichanganya. Sogeza hicho kigoda ukae karibu. Juzi nilikusikia ukimuuliza mchumba wako nauli uliyompa ilikwishaje. Nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na wageni. Leo hakuna wageni.

Nilikuwa msichana wa ofisi mjini Kisii, miaka ya sabini ikiwa bado michanga. Nilimpigia chapa mhasibu mmoja, Bwana Makori, kijana wa Nyamira aliyesoma Nairobi akarudi na miwani, tai mbili na maringo yasiyo na idadi. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa. Chumba cha mbele kilikuwa changu, na taipureta yangu na benchi la wateja. Cha nyuma kilikuwa chake. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, mtu akipiga chafya huku unamwambia pole kutoka kule.

Wala usidhani tulikuwa tunakaa bure. Msimu wa hesabu za kodi ukikaribia, wenye maduka walimiminika kutoka Masimba, Nyamarambe na kila mahali, na karatasi zao walizileta walivyojaliwa. Mmoja alizitunga kwenye waya wa baiskeli. Mwingine alizitia ndani ya debe la mafuta ya kupikia, tukawa tunazianika juani kama wimbi. Mzee mmoja alikuja mikono mitupu, akaketi, akasema hesabu zake zote anazo kichwani, tuandike. Bwana Makori alimtazama juu ya miwani, akamwambia neno alilomwambia kila mtu: "Mzee, bila risiti, pesa hiyo haikutumika. Hata kama bati liko juu ya paa lako na mvua inalipiga, bila risiti hukulinunua."

Kazini neno hilo lilikuwa sawa kabisa. Shida ni kwamba jioni alilibeba akaenda nalo nyumbani.

Mke wake aliitwa Kemunto, binti wa Suneka, mcheshi, mchapakazi, mtu wa kuniletea ndizi za kuchemsha kila alipopita mjini. Bwana Makori alimnunulia daftari. Kila jioni kabla ya chakula, Kemunto alitakiwa kueleza alichonunua, na kila kitu kiwe na risiti. Sasa niambie wewe, ni mama gani sokoni atakuuzia chinsaga, ile mboga yetu chungu, halafu akuandikie risiti? Anakufungia fungu lako, anakuongezea kidogo, basi. Kemunto alivumilia. Lakini siku alipodaiwa risiti ya sindano aliyonunua kushonea suruali ya Bwana Makori mwenyewe, aliliweka daftari juu ya sahani ya mumewe, akafunga nguo zake, akasema, "Ukimpata mama wa soko anayeandika risiti, umwoe huyo." Akarudi kwa mama yake Suneka.

Mimi niliyajua mambo kwa kuangalia shati. Lilikuja kazini limekunjamana, vifungo vimepishana. Nikamwambia, "Bwana Makori, si utume wazee wakazungumze na watu wa Suneka?" Akanijibu kwamba kwanza amalize hesabu za mwaka za mteja fulani. Haki ya Mungu! Mke ameondoka, mtu anajumlisha.

Basi asubuhi hiyo ninayokuambia, mlango ulifunguka akaingia mama mmoja mrefu, mpana, leso imekazwa kiunoni na mwavuli mweusi mkononi. Akaketi kwenye benchi, benchi likajaa.

"Wewe ndiwe msichana wa hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi ndimi mama yake Kemunto. Yule yumo?"

Yule! Hata jina hakulitaja. Nyuma ya mbao nikasikia kiti kikianguka.

Hapa nikueleze, maana nyinyi wa siku hizi mnakaa na wakwe mnatazama televisheni pamoja. Sisi Wakisii tulikuwa na chinsoni, yaani ile haya na heshima baina ya watu fulani, na hakuna haya iliyopita ya mwanamume na mama mkwe wake. Hawaketi chumba kimoja, hawashikani mikono, hawatazamani, wala hawasemezani hivi hivi tu. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi ya watu. Ikabidi mimi niwe mdomo wa wote wawili. Nikaburuta kiti changu nikakiweka kwenye upenyo wa kupitia katika ule ukuta wa mbao, huyu namwona, yule namwona, wao hawaonani.

"Mwambie nimekuja kikazi," mama akasema. "Mimi ni mteja."

"Bwana Makori, mama amekuja kikazi."

"Mwambie karibu."

"Mama, anasema karibu."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Lakini kwanza tuombe."

Mama huyo alikuwa Msabato wa kale, hafungui hata mwavuli bila maombi. Akafumba macho, akapaza sauti kuelekea ukutani. "Ee Baba, asante kwa mvua uliyotunyeshea, wala hukutudai risiti. Asante kwa pumzi unayotupa bure, na jioni hutuulizi tumeitumia wapi. Wakumbuke wale waliosoma mpaka akili ikawapita. Amina."

Nyuma ya mbao kikatoka kisauti chembamba: "Amina."

Mwanangu, niliuma ulimi nisicheke mpaka machozi yakanilengalenga. Ndipo mama akaweka mwavuli chini, akasema lililomleta.

"Sasa piga chapa. Mwambie kesho wanangu wanawaswaga ng'ombe wa mahari kurudi kwa baba yake Nyamira. Nataka risiti yenye muhuri kwamba wamepokelewa wote. Nasikia kwake jambo lisilo na risiti halikufanyika."

Kicheko kiliniishia hapo hapo. Kwetu ng'ombe wakirudi, ndoa imekufa. Hakuna tena cha wazee, hakuna cha kikao. Nikamtazama Bwana Makori, uso umemshuka kama mtoto aliyepotea sokoni. Nikamwashiria kwa mkono: sema kitu! Naye akaniashiria: sema wewe! Mimi niseme nini? Ng'ombe ni wangu?

"Piga!" mama akasema.

Nikaipakata taipureta, nikapiga. Alinitajia ng'ombe mmoja mmoja, kwa rangi na kwa tabia: yule mweusi mwenye baka jeupe, yule mwekundu aliyevunjika pembe, yule wa maziwa anayepiga teke. Kila herufi iliyogonga karatasi, Bwana Makori alijikunja kidogo. Nilipofika kwa yule wa teke, uhasibu ukamzidi nguvu.

"Mwambie risiti hiyo haijakamilika," akasema. "Yule wa teke alizaa. Ndama hayumo."

Nilitaka kumtwanga na taipureta. Mwanamume, ndoa inakufa mbele yako, wewe unatafuta ndama!

Mama hakubisha. "Ongeza ndama. Kisha umuulize jambo moja. Siku ng'ombe hawa walipoingia bomani kwangu, marehemu mume wangu hakumpa karatasi, wala yeye hakuiomba. Alituamini. Muulize, aliwezaje kutuamini sisi na kundi zima la ng'ombe, akashindwa kumwamini binti yetu na sindano?"

Nikageuka nimfikishie swali. Wala halikuhitaji kufikishwa. Bwana Makori alikuwa ameivua miwani yake, anaifuta kwa tai, anaifuta tu, anaifuta. Niliona huruma, usifikiri sikuona. Alikuwa mtu mwema yule, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ofisi hufungwa jioni.

"Mpelekee agonge muhuri," mama akasema.

Nikampelekea. Mtu aliyekuwa akigonga mihuri kutwa nzima bila kutazama, leo ameushika juu ya karatasi mkono unaelea hewani.

"Mwambie," akasema kwa sauti ya chini, "muhuri umekauka wino."

"Mwambie ateme mate."

"Mwambie tarehe ya leo sina hakika nayo."

"Mwambie kalenda imetundikwa hapa nyuma yako, hata mimi nisiyesoma sana naiona."

Mimi nimesimama katikati na mikono mitupu, sina neno la kupeleka huku wala kule. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kabla, wala sijakisikia tena: mkwe akimsemesha mama mkwe wake kwa mdomo wake mwenyewe.

"Mama, nimekosa! Ng'ombe siwataki. Ninamtaka Kemunto!"

Mama akajifunika uso kwa leso upesi. Nikajua tumekwisha, haya imevunjwa mchana kweupe, tena ofisini kwa watu. Hatimaye sauti ikatoka ndani ya leso.

"Mwambie sijasikia kitu. Mimi na yeye hatusemezani. Maneno kama hayo hapewi mama mkwe, anapewa mwenyewe. Na mwenyewe yuko sokoni Suneka, mahali pangu pa kuuzia ndizi."

Bwana Makori alivaa koti mbio mbio. Alipofika kwenye upenyo akakwama. Mlango wa kutokea nje ulikuwa mmoja tu, na mama ameketi mbele yake, magoti yameziba njia, wala hana dalili ya kusogea. Mhasibu akanitazama. Mimi nikamtazama. Akarudi nyuma, akapanda juu ya meza, akakanyaga mafaili ya watu wa Masimba, akafungua dirisha.

Alitanguliza mguu. Tai ikanasa kwenye komeo.

"Anafanya nini huko?" mama akauliza, leso bado usoni.

"Anatoka, mama."

"Anatokea wapi?"

"Dirishani."

"Ala! Na koti?"

"Na koti, mama."

Tukasikia kitambaa kikichanika, kisha kishindo, kisha fundi cherehani aliyekuwa uani akipiga kelele, "Mwizi! Mwizi!" na Bwana Makori akimjibu kwa Kiingereza kwamba yeye ni mhasibu.

Hapo mama alifunua uso. Alicheka, mwanangu, alicheka hadi benchi likalia. Nami nikacheka hadi nikakaa sakafuni. Alipopata pumzi akaniita karibu, akanishika mkono. "Wanaojua hesabu ni wengi," akaniambia. "Lakini mwanamume anayekubali kutoka dirishani kwa ajili ya mke wake, huyo nisingependa kumpoteza. Na wanangu wangepata taabu bure, yule wa teke haswagiki." Ile karatasi akaniambia niwashie jiko. Tukachemsha maziwa tukanywa.

Kemunto mwenyewe alinisimulia yaliyofuata. Alimwona mumewe akija katikati ya mafungu ya ndizi, suruali imechanika gotini, tai imegeukia mgongoni, soko zima linamtazama. Akasimama mbele yake akasema, "Nimekosa, Kemunto," kwa sauti ambayo hata wauza kuku waliisikia. Kemunto alimsogezea gunia aketi. Bwana Makori akakaa hapo mpaka soko likamalizika, akipokea sarafu za wateja na kuzitia kwenye kikopo bila kuandika popote. Jioni wakaenda nyumbani pamoja, yeye ndiye kabeba mkungu begani. Wazee walifuata baadaye kama ilivyo desturi, akatoa mbuzi kwa ile haya aliyoivunja, na ninavyojua mimi hakuuliza risiti yake.

Sasa, mwanangu, nisikilize. Sikatai hesabu hata kidogo. Hesabu zilinilisha mimi, na ndizo zilizomsomesha baba yako. Mwenye duka asiyeandika, duka litamfia mikononi. Lakini mke si duka, na wewe si mtu wa kodi. Pangeni pesa pamoja, ulizaneni mnataka kujenga lini na kununua nini, hilo ni jema. Ila ukimwambia mtu akuletee ushahidi wa kila shilingi, unamwambia kila siku kwamba unamdhania mwizi. Na hakuna mtu anayekaa sana mahali anapodhaniwa mwizi, hata ukimlisha vizuri.

Lingine ni hili. Ukikosa, usitume mtu. Siku ile mimi nilibeba maneno huku na huku mpaka shingo ikaniuma, na yote hayakufaa kitu mpaka mwenye kosa alipofungua kinywa chake. Nenda mwenyewe. Ukikuta mlango umezibwa, tafuta njia nyingine, na suruali ikichanika itashonwa.

Haya, toa simu umpigie yule msichana. Usiniambie kesho, naiona imetuna mfukoni mwako. Mungu akujalie mkono mwepesi wa kutoa na mdomo mzito wa kuulizauliza. Akupe nyumba yenye kicheko, na watoto watakaokimbilia mlangoni wakisikia hatua zako. Na siku mtakapokosana, maana mtakosana, akupe nguvu ya kuwa wa kwanza kusema nimekosa.