Fundi Aliyekataa Mbuzi Washushwe

Fundi wa Ikutha hafungui boneti kwanza. Hujifuta vidole vyake vinene kwa kitambaa, kisha huuliza polepole, "Ilibeba nini?" Pikapu kuukuu ya Muktar, mchuuzi wa mbuzi, ilikuwa inakataa kuwaka kila siku ya soko. Siku hiyo pia, mbele ya fundi, akaanza kushusha mbuzi ili isukumwe, kama kawaida.

"Waache hapo, mzee. Ikiwa tupu ni nzima. Inaugua ikibeba."

"Fundi gani wewe! Wanunuzi wa Kibwezi wataondoka!"

Fundi alijilaza chini, akapapasa waya wa umeme unaotoka kwa injini hadi chesi, fremu ya chini ya gari. Mzigo ulikuwa umeuvuta hadi waya ukachomoka, umeme ukakatika. Akafunga mwingine, mrefu zaidi. "Haya, washa." Injini ikanguruma, mbuzi wakayumba. Muktar alipochungulia kushukuru, fundi alikuwa ameshajifuta vidole, amemgeukia mwenye lori aliyekuwa akingoja zamu yake: "Ilibeba nini?"